Mtaji wa akina mama umelala chini ya marumaru

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe la moyoni. Barua ni ndefu, najua. Ukilazimika kuikata, kata habari za mgeni rasmi, lakini habari za mashine sita ziache kama zilivyo.

Mimi ni mama wa miaka 58, mkazi wa wilaya ya Masasi, Mkatoliki wa kuzaliwa. Nimekuwa mhazini wa kigango kwa miaka sita, na ndani ya miaka hiyo hiyo nikawa mhazini wa kikundi cha akina mama cha kubangua korosho. Vyeo vyote viwili sina tena. Kimoja nilikiachia mwenyewe. Kingine kilikufa mikononi mwangu, na jinsi kilivyokufa ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Hivi karibuni tulikuwa na harambee. Mgeni rasmi akatuambia Kanisa ni mshirika mkubwa wa Serikali katika maendeleo ya Taifa, na kwamba wakati umefika liingie kwenye biashara na uwekezaji, liache kunyoosha mkono kwa wafadhili wa Ulaya. Tukapiga vigelegele. Nami nilipiga. Ukafuata mnada wa mavuno. Jogoo mmoja akauzwa Sh60,000, aliyemnunua akamrudisha mezani, akauzwa tena Sh40,000, akarudishwa, akauzwa mara ya tatu. Mwenye jogoo, mjane wa jumuiya yetu, alikuwa amekaa nyuma yangu akitabasamu. Jumanne yake nikamkuta sokoni na jogoo mwingine, pacha wa yule ukipenda, anamuuza Sh15,000. Mmoja wa waliokuwa wakipaza sauti mnadani amesimama mbele yake anamwambia, mama, punguza, fanya 12,000.

Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Ya Jumapili ilikuwa sadaka, ya Jumanne biashara, na aliyeomba kupunguziwa hakutenda dhambi. Nasema tu kwamba sisi waumini, na viongozi wetu pamoja nasi, tukisikia "Kanisa lifanye biashara", kinachotujia kichwani ni yule jogoo wa Jumapili. Tunadhani biashara ya Kanisa ni namna nyingine ya kuchangisha. Hapo ndipo tunapopotea.

Baba yangu alikuwa seremala. Kazi alijifunza Ndanda kwa mabruda Wabenediktini, miaka michache kabla ya Uhuru. Anayepita barabara ya Masasi kwenda Mtwara anapajua: kilomita kama 40 kutoka kwetu, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, maji yanashuka kutoka juu na miembe ni mikubwa. Misheni ile ilianza mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuteketezwa katika Vita vya Maji Maji na Askofu Cassian Spiss kuuawa njiani huko Liwale. Wageni wale walikuwa na kila sababu ya kupanda meli warudi kwao. Badala yake ikaota karakana. Ikaja hospitali, ambayo hadi leo watu wanatoka Tunduru na Newala kuifuata. Ikaja gereji, kikaja kiwanda cha kuchapa vitabu, na siku hizi yanatoka hadi maji ya chupa. Baba alipokuwa mwanafunzi pale, kengele ya sala na kengele ya kazi ilikuwa ni moja.

Sitaki kuipamba misheni. Fedha nyingi zilitoka Ujerumani na Uswisi, ardhi ilikuwa kubwa, na mabruda wengine walikuwa wakali hadi kuchukiza. Baba alisimulia jinsi bruda wake alivyokuwa akichukua kiti kilichoungwa vibaya, anakiketia mbele ya wanafunzi wote, na kikilia tu, basi, kinakwenda jikoni kuwa kuni. Aliyekitengeneza ndiye anayekibeba.

Lakini baba aliondoka pale na sanduku la vifaa, alilolilipia kwa kukatwa kidogo kidogo, na sheria moja ambayo sijui kama alifundishwa au aliitunga mwenyewe. Mtu akifiwa naye hana kitu, baba alimchongea jeneza na hakumdai. Mwislamu akitaka mbao za mwanandani, alipasua usiku huo huo. Mkono wake ulikuwa mwepesi wa kutoa, mama akilalamika kila mara. Ila randa yake hakumwazima mtu. Siku moja padre alimtuma kijana aazime ile randa wasawazishe mlango wa sakristia uliokuwa ukikwama masika. Baba akavaa viatu, akabeba randa mwenyewe, akatembea hadi kanisani, akasawazisha mlango, hakuchukua senti, akarudi na randa kwapani. Nilikuwa mtoto, nikamuuliza kwa nini ajisumbue hivyo. Akaniambia: jeneza nikilitoa bure nitachonga lingine kesho, lakini randa ikitoka humu ndani, mwanangu, hata hilo jeneza la bure halipo tena.

Sasa tuje kwenye korosho.

Msomaji wa Dar es Salaam anaijua korosho ikiwa imekaangwa, iko kwenye kikombe pembeni ya kinywaji. Sisi tunaijua ikiwa ghafi ndani ya gunia la kilo 80, inakwenda AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inapimwa, inaingia ghalani, inauzwa mnadani, na meli inaipeleka India au Vietnam ikabanguliwe huko. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani ulioanzia kwetu Mtwara mwaka 2007 umesaidia kumnyanyua mkulima kutoka kwa mlanguzi anayepima kwa bakuli, sitalikana hilo. Lakini kinachouzwa ni ghafi ile ile. Msimu wa 2018 wanunuzi walipotaka bei ya chini na Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, tulielewa jambo moja: bei ikiyumba, mwenye ghafi hana pa kukimbilia.

Mwaka 2020 tukaanza akina mama 14 wa kigango. Kila mmoja alitoa hisa, wengine kwa kuuza mbuzi, mmoja kwa kuuza kitenge ambacho hakijashonwa. Tukanunua mashine sita za kubangulia, zile za mkono na mguu, mafundi wa hapa hapa walizichomelea. Padre aliyekuwapo, Mungu ambariki, akatupa chumba cha darasa la zamani la katekesi kilichokuwa kimejaa popo.

Kazi yenyewe haina uungwana. Unachemsha korosho kwa mvuke kwenye pipa, unaanika zipoe usiku kucha, asubuhi unakaa kwenye mashine: mguu unakanyaga, kisu kinapasua, mkono unachokoa. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi. Tulipaka mafuta ya alizeti na majivu, na bado vidole vilikuwa vyeusi kama vya fundi gereji. Jumapili moja padre alimsimamisha mwenzetu baada ya misa kumuuliza kama ana ugonjwa, kwa jinsi alivyouona mkono wake wakati wa komunyo. Kisha korosho zinaingia kwenye tanuri zikauke, zinamenywa lile ganda laini la ndani, zinachambuliwa. Nzima huku, vipande kule. Kipande kilituletea karibu nusu ya bei ya nzima, kwa hiyo mama mwenye mkono mzito alikuwa akitutia hasara bila kujua. Tulimhamishia kwenye kumenya, akanuna wiki mbili.

Hesabu nilizishika mimi katika kaunta buku. Kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, inakula kilo nne hadi tano za ghafi. Ghafi tulizitoa mashambani mwetu wenyewe, kila mama analeta zake, tunazihesabu kwa bei ya mnada wa wiki ile, tuseme Sh2,400 kwa kilo. Ongeza kuni, chumvi, vifuko, mlinzi. Kilo ya karanga hiyo ilitugharimu kama Sh14,000, tukaiuza kwa vifuko vidogo stendi ya Masasi kwa abiria wa Dar, ikarudisha 19,000, msimu mzuri 20,000. Mtu wa benki ataiona ni hela ndogo. Kwa mama ambaye mwaka mzima anapata fedha mara moja tu, Oktoba na Novemba, kuingiza Sh30,000 mwezi wa Aprili ni jambo la kupigia magoti.

Ila kulikuwa na siri moja ya mambo, na hapa naomba msomaji asiruke. Mama hawezi kukupa korosho zake Oktoba akasubiri hela Machi. Ana ada ya Januari, ana deni la salfa ya kupulizia mikorosho. Kwa hiyo kikundi kilimpa nusu ya thamani papo hapo, na nusu alipata tukishauza. Ile nusu ya kwanza ndiyo iliyokuwa mtaji. Mashine tungekosa, tungebangua kwa nyundo. Ile nusu ikikosekana, korosho zinakwenda AMCOS zote, au mbaya zaidi zinauzwa kangomba, kwa walanguzi, mwezi wa nane zikiwa bado maua mtini.

Baada ya misimu miwili tulikuwa na Sh1,850,000 taslimu, tukisubiri Oktoba.

Mwezi wa nane ikatangazwa kwamba Baba Askofu anakuja kutoa Kipaimara. Kamati ya ujenzi ilikuwa imebakiza sakafu ya kuzunguka altare, na fedha zimeisha. Ukaitwa mkutano. Wakaomba watukope kwa wiki sita tu, mavuno yakiingia watarudisha. Hakuna aliyetishwa. Watu walizungumza vizuri, kwa heshima, mpaka mwenyekiti wetu alitokwa na machozi. Na mhazini wa kikundi ni nani? Mimi. Mhazini wa kigango ni nani? Mimi. Nikaandika kwenye daftari la kushoto, zimetoka. Nikaandika kwenye daftari la kulia, zimeingia. Nilijikopesha mwenyewe, Ndugu Mhariri, na sahihi zote mbili ni za mwandiko wangu.

Marumaru zipo. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Ni nyeupe zenye mistari ya kijivu, na Baba Askofu alizisifia. Kwa bei ya mwaka ule zile fedha ni kilo 770 za ghafi, karibu magunia kumi. Kila nikisogea altareni najua nakanyaga magunia yapi, na ya nani.

Wiki sita zikapita. Oktoba ikaja hatuna ile nusu ya kumpa mama mkononi. Wawili wakapeleka AMCOS, wengine wakafuata, na lililobaki ni mashine zimekaa. Padre alihamishwa, kama ilivyo kawaida ya mapadre. Kamati mpya ikaniambia kwamba deni halionekani katika makabidhiano. Mzee mmoja ninayemheshimu alisema: hizo mlimtolea Mungu, mama, thawabu yenu iko mbinguni. Mwingine alicheka, akauliza kama tunataka kuzibandua. Nikaacha uhazini. Mwenzetu yule aliyeuza kitenge aliuza kangomba mwaka uliofuata kwa mtu wa pikipiki, mwezi wa nane, kwa bei ambayo nikiiandika hapa ataniona nimemwaibisha.

Sasa mnielewe. Sidai kwamba Kanisa halina mchango katika nchi hii. Ningekuwa mwongo na mtoto asiye na shukrani. Nilizaliwa hospitali ya misheni. Rais wetu wa awamu ya tatu, mzaliwa wa Lupaso hapa hapa Masasi, alipita kwenye madarasa ya Ndanda. Wenzetu Waanglikana walifika Masasi mwaka 1876, Askofu Steere akiongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja wakitafuta kurudi kwao upande wa Ziwa Nyasa, wakaishia kujenga hapa chini ya majabali. Shule zilitaifishwa baada ya sheria ya mwaka 1969, lakini makanisa yakaendelea na hospitali, na mwaka 1992 Serikali ikatia sahihi nao makubaliano ya huduma za jamii. Kwenye shule na hospitali Kanisa lina uzoefu wa zaidi ya miaka mia. Kwenye biashara ya muumini wa kawaida ndipo linapokuwa mgeni.

Na hata huko si kote. Walutheri wa Kaskazini walianzisha benki yao Moshi, Uchumi, mwaka 2005. Maaskofu Katoliki wakaanzisha Mkombozi mwaka 2009. Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya KKKT, Walutheri hao hao, ikafuata na Maendeleo mwaka 2013. Hisa za Mkombozi na Maendeleo ziko Soko la Hisa Dar es Salaam, na hata shehe akitaka ananunua. Mimi sijawahi kuingia katika tawi lolote la benki hizo. Hesabu zao nimeziona, tena kwenye magazeti, maana kila robo mwaka benki zinachapisha mizania zao na mimi gazeti nalisoma hadi kurasa za matangazo. Najiuliza: je, Askofu mwenye benki anaweza kuamka akachukua amana za wateja akatandaza marumaru kanisani? Hawezi. Benki Kuu ingemfuata hadi altareni. Kumbe Kanisa linajua vizuri kabisa kutenganisha mtaji na sadaka, kukiwa na mtu wa kulisimamia. Kwa akina mama 14 wenye vidole vyeusi ndiko linakosahau.

Mtaani kwetu kuna VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ya akina mama 16, Waislamu 12 na Wakristo wanne, mimi mmojawao. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio ndugu. Ndani ya sanduku mna mifuko miwili: wa hisa na wa jamii. Msikiti wa jirani ulipotaka tangi la maji, imamu alikuja mwenyewe kwenye kikao. Mwenyekiti wetu, hajja, mtu wa swala tano, alimsikiliza hadi mwisho, akafungua mfuko wa jamii akatoa kilichokuwamo, akapitisha kikapu kila mtu atoe cha mfukoni mwake, nami nilitoa. Kisha akafunga sanduku. Imamu akiuangalia ule mfuko wa hisa ulivyonona, akasema, na hizi? Hajja akamjibu: hizo, shehe, hazijaslimu. Tulicheka hadi imamu naye akacheka. Tangi wanalo. Hisa zetu tunazo.

Mtu atasema mambo ya akina mama wachache yana uhusiano gani na maendeleo ya Taifa. Basi na yaangaliwe yale makubwa tuliyoletewa kusini. Waingereza walileta mpango wa kulima karanga Nachingwea, ulianza 1947 na kufikia 1951 wameuacha, reli ya kwenda bandarini Mtwara nayo ikaja kung'olewa. Viwanda 12 vya korosho vilijengwa nchini, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na vingi kwetu, na vilipokuwa tayari korosho hakuna: kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 tulishuka chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho porini, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, bei ikakatisha tamaa. Sisi wenyewe tulihamishwa nikiwa na miaka saba. Mikorosho ya baba ilibaki nyuma mwendo wa saa mbili. Viwanda vingine viliishia kuwa maghala ya kuhifadhi korosho ghafi zinazosubiri meli. Mashine kubwa hazijawahi kuwa tatizo letu.

Mwalimu Nyerere alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 aliwaambia, kwa ufupi wangu mimi, kwamba Kanisa likikaa pembeni ya mapambano ya watu kujitoa kwenye umaskini, litakuwa halina maana kwao. Wengi wanaokumbuka hotuba ile huifanya ya siasa. Mimi nikiisoma naona kaunta buku.

Na sizungumzii zile biashara za chupa za maji ya upako na vitambaa vya kufuta mikosi. Hizo zina wateja wengi kuliko korosho, nakiri, lakini muuzaji wake hajawahi kuonyesha daftari na mnunuzi hajawahi kupewa risiti. Tuziache.

Ninachotaka ni kidogo, na nakitaka kwanza kwetu kabla ya Taifa. Mhazini wa Kanisa asiwe mhazini wa kikundi; mimi ni shahidi wa ubaya wake. Fedha ya kikundi ikikopwa na kamati yoyote, iandikwe kuwa deni, isomwe kwa sauti baada ya matangazo ya ndoa, na isomwe kila mwezi mpaka iishe, padre ahame asihame. Watu watachoka kuisikia, na uchovu wao ndio utakaolipa. Kikundi kisajiliwe kwa jina lake. Ardhi na majengo yako mikononi mwa wadhamini wa jimbo, na hivyo ndivyo sheria ilivyo. Lakini mashine na mtaji ni mali ya waliotoa hisa, na karatasi ya ukurasa mmoja ya kupangisha chumba ingetosha kuliweka hilo wazi. Hata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya akina mama, vijana na wenye ulemavu, huwezi kuuomba ukiwa unajulikana kama "wale akina mama wa kanisani".

Halafu Kanisa liwe mteja. Hili silisikii likisemwa na mgeni rasmi yeyote. Kanisa linanunua kuliko tunavyofikiri: viti, madawati, majoho, mishumaa, chakula cha semina, sare za kwaya. Mwaka jana nilihudhuria semina ya siku tatu, watu 80, hapa hapa katika nchi ya korosho, tukapewa chai na biskuti zenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Korosho hakuna hata moja. Viti vya plastiki vya ukumbi vimetoka Dar wakati mafundi seremala wanakaa chini ya miembe wanacheza bao. Nikiuliza naambiwa mafundi wetu hawana uhakika. Sawa, wengine hawana. Mletee yule bruda akalie viti vyao.

Na likinunua, lilipe. Kanisa ni mteja mgumu kwa sababu ukilidai unaonekana huna imani. Mshona sare mmoja wa kwaya alidai kwa mwaka mzima huku akiimba sauti ya pili katika kwaya hiyo hiyo. Mtume Paulo alishona mahema huku akihubiri, na siamini kwamba Wakorintho walimwambia malipo ya mahema yako mbinguni.

Nimeandika leo, sikuandika miaka ile, kwa sababu moja. Paroko tuliyeletewa mwaka huu ni kijana, na mwezi uliopita alinikuta nafagia kanisani akaniuliza kile chumba cha popo kina nini. Nikamwambia kina mashine sita. Akauliza ni za nani. Nikamweleza, nikiwa nimesimama juu ya zile marumaru na fagio mkononi. Hakunijibu kitu cha thawabu. Aliniambia nimletee daftari Jumapili, baada ya misa ya pili, mbele ya halmashauri walei.

Daftari lipo, ndani ya sanduku la baba, juu ya randa. Katika wale 14, mmoja ametangulia mbele za haki na wawili wamehamia Tunduru. Waliobaki 11 nimewapitia, tisa wamesema watakuja, wawili wamesema tukianza wataona. Mashine tumezifungua jana: mbili nzima, nne visu vimeliwa na kutu. Kama kuna fundi wa Newala, Tandahimba au Mtwara mjini anayetengeneza visu vya mashine za kubangulia za mguu, namwomba aache namba yake kwa Mhariri na bei ya visu vinne. Tutalipa taslimu, kabla ya Oktoba.

Mhazini wa zamani wa kigango,
Masasi, Mtwara
(jina langu kamili analo Mhariri)